Mlimani hatuhesabu kilomita: maswali yenu ya safari ya Kibeho, Musanze na Namugongo

Tangu mwezi uliopita meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka kitu kimoja: watu wanataka kutumia likizo kwenda Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda kwa gari zao wenyewe, wapite miji ya milimani na hapohapo wafanye hija Kibeho, Rwanda, ambapo mabinti walisema wamemuona Bikira Maria, na Namugongo ya mashahidi wa Uganda. Safari hii nimeifanya mara kadhaa na naipenda kiasi kwamba nikiona mtu anaipanga vibaya nashindwa kukaa kimya. Nimechukua maswali sita, mengine nimejibu kwa kirefu, mengine maneno machache yanatosha.

Swali: Siku tano zinatosha?

Shikamoo mama. Tupo Mwanza, tuna Noah, jumla tuko saba: mimi na mke wangu, watoto watatu, mdogo wangu, na bibi mzaa mama ana miaka 74. Bibi ameomba kitu kimoja tu, afike Kibeho kabla Mungu hajamchukua. Mimi nimepata likizo ya siku tano. Nimepanga tuingie Rusumo, twende Kigali mpaka Kibeho, turudi Musanze watoto waone volkano, tukatize Uganda kwa Kisoro na Kabale, tushuke Namugongo, alafu turudi nyumbani kwa Mutukula na Bukoba. Ramani ya simu inaonesha inawezekana. Unasemaje?
— Mjukuu, Mwanza

Jibu: Marahaba mwanangu, na bibi umsalimie sana, mwambie ombi lake limenigusa.

Mzunguko huo ulioupanga unazidi kilomita 2,000. Ukizigawa kwa siku tano unapata 400 na kitu kwa siku, na mtu wa Mwanza akisikia 400 anaona kawaida maana kazoea barabara ya Shinyanga, imenyooka, unakanyaga tu. Milimani haiko hivyo. Kisoro mpaka Kabale ni kama kilomita 75 na lami ipo, lakini utatumia masaa mawili na zaidi, kwasababu barabara inapanda mpaka Kanaba, inashuka, inapanda tena, kona juu ya kona, na mbele yako kuna lori limejaa mzigo linatambaa na huna pa kuliovateki. Kigali mpaka Musanze nayo haifiki hata kilomita 100 ila ni hivohivo, unazunguka mlima mmoja nusu saa nzima na ukiangalia chini unaona ulipotoka. Ramani ya simu haijui foleni ya mpakani, haijui mtoto atatapika, haijui una bibi wa miaka 74 ambae anatakiwa ashuke kila baada ya masaa mawili anyooshe miguu damu itembee. Milimani hesabu masaa, na ukishayahesabu ongeza mengine mawili.

Lakini uchovu sio kitu kikubwa kinachonisumbua kwenye mpango wako. Nikusimulie nilichokiona Kibeho mwaka mmoja. Kulikuwa na mama mtu mzima amekaa kwenye benchi, kajifunga kitenge, ana rozari ile ya Mateso Saba, yaani makundi saba ya Salamu Maria saba saba, ambayo pale Kibeho ina heshima ya pekee kwasababu Marie Claire, mmoja wa wale mabinti watatu wa maono, alisema Bikira Maria amemtuma aifundishe watu. Kijana wake kasimama pembeni ya gari, mlango wazi, injini inanguruma, anaangalia saa. Akamwambia mama utamalizia kwenye gari, tutachelewa mpaka. Yule mama hakubisha, alishika ile punje aliyokuwa amefikia kwa vidole viwili ili asiipoteze, akainuka taratibu, akaenda hivohivo mkono mmoja umeshika punje mwingine umeshika mlango. Sijaisahau ile picha mpaka leo. Alikuwa ametoka mbali na yule kijana alikuwa ametumia hela nyingi kwa upendo kabisa, ila alichomnyima ni saa moja tu.

Kwahiyo mwanangu, siku zako tano mpe bibi Kibeho, basi. Siku ya kwanza toka alfajiri, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea ile kusubiri kivuko, endesha mpaka Benaco au Ngara mlale. Siku ya pili vuka Rusumo asubuhi, simameni kwenye daraja watoto wayaone maporomoko ya mto Kagera, alafu Kigali ni kilomita 160 na kitu, Huye mbele kama 130, na Kibeho ni kama 30 nyingine kutoka Huye, barabara ya lami. Mtafika jioni. Siku ya tatu msiwashe gari kabisa. Bibi aamke akiwa hapohapo, asali anavyotaka, apumzike, arudi tena jioni. Siku ya nne mnageuza, na njiani watoto nao wapate chao: Nyanza kuna jumba la mfalme pale Rukari, na wale ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu za ajabu, watoto wataongea mwaka mzima. Muhanga ingieni kanisa kuu la Kabgayi, lile kubwa la tofali lililokamilika 1925. Siku ya tano mpo Mwanza.

Musanze na volkano ziache. Na Namugongo ni safari yake peke yake, kutokea kwenu unapita Bukoba na Mutukula, hubadilishi hata upande wa barabara. Mwakani mtaenda.

Swali: Kulia kushoto

Habari za kazi dada. Mimi naendesha mwaka wa kumi na mbili sasa, Bukoba mpaka Dar naenda peke yangu. Tatizo ni kwamba Rwanda wanaendesha kulia na gari yangu ni ya usukani wa kulia. Wenzangu wanasema utazoea ndani ya dakika kumi. Ni kweli?
— Dereva, Bukoba

Jibu: Nzuri kaka. Dakika kumi za kwanza huna shida, kwasababu unaogopa. Umekaza macho, unafata gari iliyo mbele, mpakani kuna mabango. Hatari inakuja siku ya pili na ya tatu ukishajiona umezoea, na inakuja pale ambapo hakuna gari nyingine ya kufata.

Mimi ilinikuta Musanze. Alfajiri, nimetoka kujaza mafuta, barabara nyeupe haina mtu, ukungu umeshuka mpaka juu ya lami. Nikakata kona kutoka sheli na mikono yenyewe ikanipeleka kushoto kama nyumbani. Nimekwenda kama mita mia, nikaona kwenye ukungu kitu kipana kinakuja moja kwa moja kwangu, baiskeli, imefungwa magunia mawili ya viazi kulia na kushoto, na yule bwana yupo upande wake kabisa wa haki, mimi ndie niliyekuwa kwake. Nilisimama, na yeye akasimama, gurudumu lake la mbele lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye bampa yangu. Hakunitukana. Alinionesha kwa mkono tu, upande ule. Nilitetemeka mpaka nikashindwa kuingiza gia.

Tangu siku hiyo nafanya hivi na nakuomba na wewe ufanye. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani mkono wa kulia, na kila ukiwasha gari mwambie unaesafiri nae aseme kwa sauti "kulia". Inaonekana kitoto lakini inaokoa. Kila ukitoka sheli, hotelini, kanisani, kwenye njia ya vumbi kuingia lami, jiulize kwanza ndio ukanyage mafuta. Kwenye raundabauti unaingia kwa kulia na mzunguko unakwenda kinyume na tuliouzoea, gari zinatokea kushoto kwako.

Kuovateki sahau. Umekaa upande wa ukingo wa barabara, huoni kinachokuja mpaka gari lote liwe limeshatoka nje, na ukimtegemea abiria akuangalizie umeweka maisha yenu kwenye macho ya mtu ambae pengine hajui gari inayokuja ina spidi gani. Kaa nyuma ya lori na usikilize redio. Usiku taa zako zinapiga kushoto, maana yake unawamulika wanaokuja machoni, hiyo ni sababu moja ya kutoendesha usiku.

Sababu ya pili ni saa. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Wewe wa Bukoba umezoea jua linazama karibu saa 1 jioni, sasa kwa saa ya Kigali jua lilelile linazama saa 12 na kidogo. Watu wengi wanajua saa inarudi nyuma lakini hawajafikiria kwamba giza nalo litawakuta "mapema", mtu anajiambia saa 12 bado mchana naweza kumalizia kilomita 60, kumbe ameshaingia usiku kwenye kona za mlimani na watu wanatembea pembeni ya lami, baiskeli hazina taa. Panga uwe umefika ifikapo saa 11 ya Rwanda. Na mkivuka Cyanika au Gatuna kuingia Uganda ongezeni saa moja hapohapo na mnarudi kushoto, na ile alfajiri ya kwanza Uganda nayo ina hatari yake, mikono imeshajifunza kulia.

Spidi nayo uiheshimu. Rwanda sehemu nyingi ni 60 na kamera zipo kweli, picha inapigwa na faini inafata namba ya gari.

Swali: Breki zilinuka, pedali ikazama

Niaje dada, mimi ni wa Eldoret. Agosti tulienda na IST, otomatiki, tukitoka Kabale kwenda Kisoro. Ile mteremko ya Kanaba breki zikaanza kunuka kama kitu imeungua, halafu pedali ikawa laini inaenda chini sana. Tulisimama tukangoja nusu saa ikarudi sawa. Fundi nyumbani akaangalia akasema pedi ziko poa hakuna shida. Tunataka kurudi Desemba na watoto. Kweli hakuna shida?
— Baba wa wawili, Eldoret

Jibu: Shida ipo, na nashukuru Mungu mlisimama. Fundi wako hajakosea kuhusu pedi, ila ameangalia kitu kimoja. Pedali ikiwa laini na kuzama, kinachosema hapo ni mafuta ya breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kadri yanavyokuwa na maji ndani ndio yanavyochemka mapema. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 hivi, iliyokwisha kuvuta maji inashuka mpaka 140, na DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imechoka. Sasa wewe umeteremka umekanyaga breki muda wote, disiki zinawaka, joto linaingia kwenye kalipa, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Unakanyaga, unabonyeza mvuke tu, gari haisimami. Ukipumzika mvuke unapoa unarudi kuwa maji na pedali inapanda, ndio maana nyumbani fundi haoni kitu.

Pedali ikibaki ngumu lakini gari haishiki, hapo sasa ndio pedi zenyewe zimepata joto zinateleza. Ni ugonjwa mwingine ila chanzo kimoja.

Kabla ya Desemba mwambie fundi atoe mafuta yote ya breki aweke mapya, asiongeze juu ya ya zamani, atoe yote mpaka yatoke masafi kwenye kila tairi. Fanya hivo kila miaka miwili hata kama husafiri.

Na uendeshaji wako ubadilike, samahani kusema lakini ndio penyewe. Kwenye otomatiki watu wanaacha gia kwenye D mlima mzima, gari inajiachia, wao kazi yao breki. Juu kabisa, kabla hujaanza kushuka, weka gia ndogo, kwenye IST ni 2 au L, gari nyingine wameandika S au B. Injini italalamika, sauti itapanda, usiogope, ndio inakushikilia. Alafu breki unaitumia kwa kukanyaga kwa nguvu kidogo mara moja mpaka spidi ishuke, unaachia, zinapoa, unakanyaga tena. Kuikanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndio kunaunguza. Gia unayopandia mlima ndio unayoshukia, wazee wa malori wanasema hivo na hawajakosea. Na wale wanaoshuka na niutro ili kubana mafuta, jamani, kubaneni kitu kingine.

Zikinuka tena simama mapema, usisubiri pedali izame. Usimwage maji kwenye disiki ya moto, inapinda au kupasuka. Handibreki usivute wakati zinawaka, weka P na jiwe kwenye tairi, ukiondoka lile jiwe uliondoe barabarani kwasababu anaekuja nyuma yako usiku halioni. Shukeni wote, tembeeni kidogo. Pale Kanaba kama mawingu hayajafunga mtaiona Muhabura mbele yenu yote, mita 4,127, na Gahinga na Sabyinyo zimepangana pembeni yake. Muhabura maana yake ni anaeonesha njia. Mimi napenda kusimama pale hata breki zikiwa baridi.

Kingine, usishangae IST kukosa nguvu kwenye kupanda. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mkiwa na mizigo juu na watu watano inaonekana. Kagua rejeta na kulanti. Nyie watu mko sawa, urefu wa pale miji ilipo ni chini ya mita 2,500 ambapo ndio kichwa huanza kuuma watu.

Swali: Siku ya sikukuu au siku ya kawaida?

Shikamoo mama. Jumuiya yetu inataka kwenda Kibeho tarehe 28 Novemba. Wengine wanasema tuende siku yoyote tulivu. Ipi bora?
— Katibu wa jumuiya, Moshi

Jibu: Marahaba. Tarehe 28 Novemba ndio siku yenyewe, maana ilikuwa Jumamosi ya tarehe 28 Novemba 1981 ambapo Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa sekondari ya wasichana pale, akiwa bwaloni wakati wa chakula cha mchana, alisema amemuona mwanamke aliyejitambulisha kama Nyina wa Jambo, Mama wa Neno. Wenzake wengi hawakumuamini, na Marie Claire Mukangango alikuwa kati ya waliomcheka, mpaka mwaka uliofata yeye mwenyewe na Nathalie Mukamazimpaka wakasema wameona. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitoa tamko la kuyakubali maono ya hao watatu tarehe 29 Juni 2001. Kwahiyo mkienda siku hiyo mnasali na umati kutoka nchi nyingi, nyimbo kwa lugha tofauti, kuna nguvu ambayo mtu mmoja hawezi kuipata peke yake.

Ila mjue Novemba ni mvua. Milima ya Rwanda ikishiba maji inaporomoka, Mei 2023 zaidi ya watu 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko magharibi na kaskazini mwa nchi. Mkisikia mvua kubwa imepiga usiku kucha, asubuhi msikimbilie barabarani, ulizeni kwanza polisi au wenyeji. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ni kiangazi, nayo inajaza sana, vumbi ila barabara kavu. Na Namugongo ni 3 Juni, siku waliyochomwa Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886, watu wanakuja kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania wiki na wiki, na mwenye gari siku hiyo ategemee kuliacha mbali sana.

Kama kwenye jumuiya mna wazee na wagonjwa, ushauri wangu mimi ni siku ya kawaida katikati ya wiki. Unakaa mbele, unasikia, unapata padri wa kuungama bila kupanga foleni ndefu, unateka maji yako ya chemchemi kwa nafasi. Vijana wenye nguvu waende sikukuu. Mkitaka kuongeza kitu njiani, Ruhango kuna kituo cha Yesu wa Huruma na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi panajaa sana, na karibu na Huye kuna Save, misheni ya kwanza ya Wakatoliki Rwanda, ilianza tarehe 8 Februari 1900. Save wengi wanaipita bila kujua, mimi nawaomba mgeuke hata kwa nusu saa.

Bebeni masweta. Usiku Kibeho ni baridi kweli, sio ile ya kujifunika khanga.

Swali: Mimi ni Muislamu, naenda na marafiki

Asalaam aleikum. Rafiki zangu wa kazini Wakatoliki wananichukua kwenye safari hii, mimi ni dereva wa pili. Sitaki kukaa kwenye gari masaa yote lakini pia sitaki kumkosea mtu. Nifanyeje?
— Dereva wa pili, Tanga

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Shuka, tembea, kaa. Hakuna atakaekuuliza kadi. Mavazi yako ya heshima ya kila siku yanatosha, suruali ndefu, bega lifunikwe. Wenzako wakipiga magoti wewe simama au kaa nyuma, hulazimiki kufanya ishara yoyote, na usipokee komunyo. Simu iwe kimya. Picha za majengo sawa ila usimpige picha mtu anaesali, kuna watu wanalia pale na machozi yao sio ya kuweka kwenye status.

Jambo ambalo naona wageni wengi hawaambiwi ni hili. Kibeho ni mahali pa maono na ni mahali pa makaburi pia. Aprili 1994 watu waliokimbilia kanisa la parokia waliuawa humohumo, na Aprili 1995 watu wengi tena walikufa kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa hapo. Marie Claire mwenyewe aliuawa wakati wa mauaji ya kimbari. Ingia kwa upole. Usimuulize Mnyarwanda kabila lake, hata kwa mazoea yetu ya kutaniana, kwetu ni utani na kwao sivyo. Kuanzia tarehe 7 Aprili wana wiki ya maombolezo ya Kwibuka, hakuna muziki wa sherehe, ukiwa njiani kipindi hicho zima ya kwako pia.

Na wewe kama dereva wa pili una kazi kubwa kuliko unavyodhani, wenzako watakuwa wamekesha kwenye sala, hivyo asubuhi ya kurudi ukae wewe kwenye usukani ukiwa umelala vizuri.

Swali: Makaratasi

Dada naomba orodha fupi ya vitu vya mpakani, gari ni ya shemeji yangu.
— Msafiri, Kahama

Jibu: Mtanzania beba pasipoti, na kila mtoto awe na yake. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanapita kwa vitambulisho vya taifa baina yao, usiige. Cheti cha homa ya manjano weka pamoja na pasipoti. Kadi halisi ya gari, na kwa kuwa ni ya shemeji pata barua yake ya ruhusa iliyogongwa muhuri na mwanasheria, bila hiyo mtakaa mpakani mkimpigia simu. Bima ya nyumbani haifiki kule, nunua ile ya COMESA, wenyewe tunaita kadi ya njano, kwenye kampuni yako ya bima kabla hujaondoka. Pale forodhani gari linapewa kibali cha muda, angalia tarehe ya mwisho na usiipitishe. Ukibeba mtoto asie wako pata barua ya wazazi wake.

Mifuko ya plastiki acha nyumbani yote, Rwanda walipiga marufuku tangu 2008 na wanakagua. Mkate, nguo za watoto, viatu, kila kilichofungwa kwenye rambo kitoe weka kwenye kikapu kabla hujafika Rusumo. Na angalia kalenda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda, kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi nchi nzima inafanya kazi za pamoja na magari hayatembei ovyo. Ikikukuta siku hiyo lala mpaka muda upite, kunywa chai taratibu, ondoka saa 5 na nusu. Kwa saa yao.